Fungua

Redio iliamka kabla yetu.
Tarumbeta bila harusi, gwaride bila miguu,
halafu kikohozi, halafu karatasi ikikunjuliwa,
na mtu akatusomea sababu kumi na moja.
Ya nne aliisoma mara mbili.

Mama alikuwa kwenye cherehani, uzi kinywani.
Aliposikia "mapinduzi" akaipindua sketi yangu ya shule,
nje ikawa ndani, nyuzi zikaning'inia.
"Basi leo tutaona mishono," akasema.
Baba hakucheka.

Baba, Ojiambo mwandika barua,
meza yake ubavuni mwa posta ya Jinja,
shilingi moja ukurasa, stempu juu yako.
Aliwaandikia watu wote wa Walukuba:
Mjaluo, Mlugbara, Msamia mwenzake,
Msoga aliyetaka kumposa binti wa Mnubi.
*Natumai barua hii itakukuta u mzima
kama mimi niliye mzima hapa Jinja.*
Sentensi hiyo ilivuka mto mara elfu
na haikuwahi kusema uongo mkubwa.

Wenye magwanda waliichukua ikulu,
wakachukua benki, mitambo ya redio, daraja la bwawa.
Hayo yalitangazwa.
Hawakutangaza kwamba wamechukua na maneno.

Simama.
Toa kipande.
Lala chini.
Panda.

Vitenzi vitupu, vimenyolewa kama kuruta,
havina naomba, havina tafadhali,
havina hata jina la anayeambiwa.

Usiku wa tatu walikwenda kwa Balikowa,
karani wa mahakama, aliyekataa
kugonga muhuri kwenye hati moja.
Kati yetu na yeye palikuwa na unene wa tofali.
Nikasikia: *Fungua.*
Neno lile lile la baba kila asubuhi,
"Fungua dirisha, mwanangu, hewa iingie."
Balikowa aliwajibu kwa Kisoga.
Akawajibu kwa Kiingereza cha mahakamani.
Kisha hakujibu kwa lugha yoyote.

Kulipokucha Kagoya, mkewe, aliokota kiatu,
cha kushoto, kamba bado imefungwa.

Sukari ikahamia kwenye minong'ono.
Kakira iko pale pale, upepo unaleta harufu ya miwa,
nasi tunakunywa chai ya chumvi.
Mwalimu wa hesabu akauza betri chini ya koti.
Watoto walijua bei ya sabuni
kabla ya kujua tatu mara nne.
Magendo, neno la aibu, likaoga, likavaa,
likakaa kiti cha mbele kanisani.
Na watu wakajifunza kuamkiana kwa nyusi.

Kagoya akaja mezani kwa baba.
"Niandikie. Kambini wanasoma Kiswahili tu."
Baba akachovya kalamu:
*Natumai barua hii itakukuta*
Akakoma.
Lori likapita, akalingoja lipite.
Likapita jingine.
Wino ukakauka kwenye ncha.
"Mbona fupi?" aliuliza Kagoya, asiyejua kusoma.
"Imefika hapo," baba akasema.
Hakumtoza shilingi.

Tangu siku ile Kiswahili kilikufa nyumbani kwetu.
Mama alitukaripia kwa Kisamia
hata tulipoweweseka usingizini.
Baba akauza ile meza kwa mchinja mbuzi.

Sasa nina miaka sitini na minne.
Waliopindua walipinduliwa, na waliowapindua pia,
kila mmoja na sababu zake, na kikohozi chake.
Kagoya alikufa na kile kiatu chini ya kitanda.
Barua sijui ilifika wapi.

Jana mjukuu wangu Nabwire alirudi na kitabu;
shuleni kwao Kiswahili sasa ni somo, kina mtihani.
Akanikalia pembeni, miguu ina vumbi,
akaniwekea kitabu mapajani:
"Bibi, fungua."

Mkono wangu ulikwenda mlangoni, kwenye komeo.

Akanitazama.
"Sema tafadhali," nikamwambia.
"Kwa nini?"
"Sema tu, mwanangu.
Sema, nisikie."